Chumba cha Kati

Kompyuta ya Bi Mwantumu ina mstari mwekundu tangu Ramadhani.
C imejaa hadi kooni.
D iko ubavuni, tupu,
kama ukumbi uliolipiwa na harusi ikavunjika.
Dukani pake, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
ni fotokopi, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi,
vyeti vya watu wasiorudi kuvichukua.
Tanga, wenyewe husema, ni waja leo, waondoka leo.
Faili zao huja leo
na haziondoki.

"Sogeza ukuta tu, fundi," aniambia. "Si kule hakuna mtu?"

Nikaipekua D: nyimbo mbili za shemeji yake, basi. Nikaifuta.
Nikafungua chombo kilichozaliwa na mashine yenyewe,
nikaigusa C kwa kidole cha kulia.
Neno PANUA lipo,
ila la kijivu,
kijivu cha mtu anayekusikia na hataki kuitika.
Nikabonyeza tena. Nikawasha upya. Nikabonyeza.
Hata kunitukana halikunitukana.

Ndipo nikakiona: kati ya C na uwanja ule
kijichumba cha megabaiti mia sita,
hakina herufi, hakina jina la kuitwa,
kiwanda kilikiweka kwa siku ya maradhi.
Akiba haiozi, sawa,
lakini akiba hii imeketi mlangoni
na C haijui kuruka.

Naijua nyumba hii.
Ni ya kwetu Chuda: vyumba vitatu, mstari mmoja.
Mbele kaka Mbelwa, mkewe, watoto watano,
wa mwisho analala chini ya cherehani.
Nyuma chumba cha shangazi aliyehamia Pangani,
kufuli na mende.
Katikati bibi Nyamvula na sanduku lake.
Miaka minne tumebonyeza neno la kijivu:
kikao, mjumbe, kikao.
Mbelwa kuna usiku alishika nyundo.
Akairudisha uvunguni.

Ukuta hausogezwi na aliyelala ndani yake.
Nikachomeka flashi, nikaiwasha mashine kutokea nje,
C ikiwa usingizini.
Lakini kwanza nakala. Usiache mbachao kwa msala upitao:
nikabeba vyote kwenye diski ya pembeni,
hata vyeti vya wasiorudi,
hata nyimbo za shemeji, nilizokuwa nimezifuta, nikazirudisha.
Kisha nikakiambia kijichumba, taratibu,
nenda ukutani mwisho, na vyako vyote.

Asilimia kumi na tisa.
Asilimia arobaini, ikagota hapo
mpaka chai ikapoa.
Asilimia sitini na moja, feni ikasimama.
Taa kwisha. Betri ya chini ya meza ikaanza kulia
kama kifaranga.
"Mgao?" nikauliza.
"Luku," akasema Bi Mwantumu, kwa sauti ya mwenye kosa,
akatafuta simu, akatafuta miwani, akatafuta salio.
Tarakimu ishirini. Yeye asoma, mimi nabonyeza ukutani:
tatu, saba, saba... "Hiyo moja au saba?"
"Mimi nitajuaje, mwanangu, kioo kimepasuka."
Moja. Hapana. Saba.
Feni ikajikohoza, ikazunguka.
Betri ikanyamaza ikiwa na dakika mbili za uhai.

C ikaamka mpana, mstari wake wa buluu.
Bi Mwantumu akaitazama, akainamisha kichwa.
"Mbona ni ile ile?"
Akanilipa, akapunguza elfu mbili ya umeme.

Nilifika Chuda baada ya isha.
Sikugusa habari ya ukuta. Nilikaa kitandani kwa bibi,
nikamwambia: kule nyuma dirisha linapata jua la asubuhi;
tukikuhamisha na kila kitu, sanduku zima,
kitanda kielekee unakotaka,
hakuna kitakachoanguka, wewe?

Akanyamaza muda mrefu. Cherehani ya shemeji ilikuwa inakimbia upande wa pili.
Akasema:
"Na kuku?"